Mishahara ya watumishi wa halmashauri na viingilio vya viwanja hapa Mwanza: tunamlilia nani hasa?

Kocha wa Mkuyuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwadila.

Jana jioni kijiweni kwetu nusura watu wazima washikane mashati kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyekuwa na uhakika nalo, mimi nikiwemo. Fundi pikipiki mmoja alidai madiwani wanapandisha viingilio vya viwanja na bustani ili wawaongezee watumishi mishahara, na wao wenyewe wajiongezee posho humo humo. Muuza kahawa akamjibu kwamba hata kama ni hivyo ni sawa tu, maana anayefagia barabara saa kumi alfajiri anastahili kula. Basi ikawa vurugu. Kahawa yangu ilipoa.

Limenigusa kwa sababu hii. Nafundisha timu ya watoto wa mtaani, silipwi na mtu. Wakati fulani tulikwenda kucheza mechi ya kirafiki kwenye uwanja mmoja wa umma, jina lake naliacha na wala sisemi ni wa halmashauri ipi. Getini mlinzi akatudai hela ya uwanja. Nikatoa. Nikaomba risiti, akasema mashine haina chaji. Hela yenyewe haikuniuma sana. Kilichobaki kichwani ni maneno yake tulipokuwa tunatoka: "Kocha usinione mwizi. Mimi ni kibarua, mwezi wa pili huu sijaona kitu."

Anayetutoza ndiye huyo huyo asiyelipwa. Sasa ile hela inakwenda wapi?

Ninavyoelewa mimi, baraza la madiwani haliwezi kumwongezea mwalimu au nesi mshahara hata shilingi mia. Kima cha chini cha serikali kilipotoka 370,000 kwenda 500,000, Rais alitangaza Mei Mosi 2025 pale Singida, kikaanza Julai. Hakuna diwani wa Nyamagana wala wa Ilemela aliyenyoosha mkono. Ila kibarua wa getini, mfagiaji, mtunza bustani, hawa wanalipwa kwa mapato ya ndani, na bajeti ya mapato ya ndani inapita mezani kwa madiwani. Kwa hiyo kiingilio cha mtoto uwanjani na ujira wa yule mlinzi vinatoka mfuko mmoja.

Nimekosea wapi? Wajuzi njooni.

Sangara wa Igombe

Siti ya mbele. Nina karanga na maji ya Kilimanjaro.

Mwalimu wa Kishiri

Hujakosea mkuu. Tena niongeze kidogo kwa sababu mtaani watu wanadhani sisi watumishi tunaogelea kwenye hela. Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3. Nchi nzima ikashangilia. Mama mwenye nyumba akanipandishia kodi kabla hata ya Julai. Slipu ya mshahara ilipotoka, kumbe hiyo 23.3 ilikuwa ya kima cha chini, na kadiri unavyopanda ngazi ndivyo asilimia inavyopungua. Mimi ilinifikia hela ya kununulia sato wawili wa wastani pale Kirumba. Nyongeza za kila mwaka nazo zilikuwa zimelala miaka kadhaa hadi Mei Mosi 2023 Morogoro ilipotangazwa zirudi.

Yote hayo ni ya Dodoma, yaani Serikali Kuu. Mkurugenzi wa halmashauri kazi yake ni kupeleka taarifa zangu sahihi nipande daraja kwa wakati. Hapo ndipo anapoweza kunichelewesha, na malimbikizo yakija yanakuja kama mvua ya Septemba. Lakini kiwango hapangi yeye.

Chizi wa Buhongwa

Uzi mrefu. Kwa ufupi ni kwamba hela imeliwa. Tusonge.

Kocha wa Mkuyuni

Chizi, kila uzi kwako ni hela imeliwa. Hata ule wa mbegu za mihogo ulisema hivyo hivyo.

Mjuvi wa Pasiansi

Kabla hamjafika mbali tuweke mipaka sawa, maana humu kuna mtu atakuja kulaumu Jiji kwa kiingilio cha ufukwe wa Ilemela. Tangu 2012 tuna halmashauri mbili. Jiji la Mwanza liko Nyamagana, kata 18. Manispaa ya Ilemela ina kata 19, na huko ndiko kwenye Kirumba, Furahisha, Pasiansi na fukwe nyingi mnazokwenda Jumapili. Uwanja wa Nyamagana, ule wa kapeti (nyasi bandia) katikati ya mji, ni wa Jiji. Kirumba ni wa Chama, jina lenyewe linasema CCM Kirumba, kwa hiyo geti lake silo la halmashauri yoyote. Kisiwa cha Saanane ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ni hifadhi ya taifa tangu 2013, bei zake hazipangwi na diwani. Na hizo fukwe mnazolipia mlangoni nyingi ni za hoteli za watu binafsi.

Ukitoa hivyo vyote, ukauliza halmashauri yenyewe inamiliki sehemu ngapi za kupumzikia ambazo inaweza kutoza, unabaki na viwanja vichache na bustani zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tunagombana kwa jambo dogo kuliko tunavyodhani.

Mama Furu

Dogo kwako wewe mwanaume unayekwenda kuangalia mpira. Mimi nauza samaki wa kukaanga karibu na mwalo, watoto wangu watatu. Jumapili niwapeleke wapi? Pa hoteli ukiingia lazima ununue soda ya bei mbaya. Pa bure ni kwenye mawe, wanawake wanafua, bodaboda wanaosha pikipiki, watoto wanaogelea humo humo. Mwezi mmoja baadaye mtoto anaumwa tumbo, hospitali unaambiwa kichocho. Hayo ndiyo maburudisho yetu ya bure.

Mimi hata wakisema nilipe kidogo nitalipa, mradi kuwe na choo kinachofungika mlango na mtu wa kuangalia watoto wasizame. Nikilipa halafu nikakuta choo kile kile, hapo ndipo tutakapokosana.

Sangara wa Igombe

Mama, kichocho hakiangalii kiingilio. Maji ya hotelini na ya kwenye mawe ni ziwa lile lile 😅

Mama Furu

Najua. Ila hotelini wana bwawa la vigae.

Diwani Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu. Nilikaa barazani vipindi viwili, kata sitaitaja. Niwaeleze mambo yanavyokwenda ili tuache kurusha mawe gizani.

Diwani hawezi kuamka asubuhi akasema kiingilio cha uwanja kiwe elfu mbili. Ada na ushuru vimo kwenye sheria ndogo zinazotungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Rasimu inaanzia kwa wataalamu, inapita Kamati ya Fedha, inabandikwa kwenye mbao za matangazo ili wananchi waweke pingamizi, inarudi barazani, inakwenda kwa waziri wa TAMISEMI, mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na ikikubaliwa inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Mtu akikutoza kiasi ambacho hakimo humo, hata akivaa sare, anakuibia.

Sasa nikiri jambo. Miaka yote niliyokaa pale sikumbuki pingamizi hata moja lililoletwa kuhusu viwanja vya michezo. Machinga wanakuja, wenye daladala wanakuja, wachinjaji wanakuja na mwanasheria kabisa. Watu wa michezo hawaji. Kwenye kitabu cha bajeti viwanja na bustani ni mistari miwili mitatu, na tukiifikia huwa ni saa nane mchana, watu wana njaa. "Mheshimiwa Mwenyekiti naafiki." Tunaruka. Ngumi tunazihifadhi kwa ajili ya stendi na masoko.

Kuhusu posho za madiwani, yule fundi pikipiki aelezwe kwamba tangu bajeti ya 2021/22 Serikali Kuu ndiyo inayolipa posho ya mwezi ya madiwani kwenye halmashauri 168. Zile 16 zenye mapato makubwa ndizo zilizoachwa ziendelee kulipa zenyewe. Kwa hiyo huo wimbo wa kwamba kila kiingilio kinakwenda mfukoni mwa diwani umepitwa na wakati. Posho ya kikao ni habari nyingine, hiyo siitetei.

Chizi wa Buhongwa

"Hiyo siitetei" 😂😂 Mzee mkweli huyu.

Kocha wa Mkuyuni

Mzee shikamoo, na wabeja sana. Lakini hujajibu la mlinzi. Hela yetu ya geti, ikishaingia kwa halali, yaani na risiti, inakwenda wapi?

Diwani Mstaafu

Marahaba kijana.

Inakwenda kwenye akaunti ya mapato ya ndani pamoja na ya soko, ya leseni, ya machinjio, ya choo cha stendi. Ikiingia humo haina jina tena. Kutoka humo inakatwa kwanza asilimia 10 ya mikopo, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Inatengwa fedha ya miradi ya maendeleo kama mwongozo wa bajeti unavyotaka. Kinachobaki ndicho kinanunua dizeli ya magari ya taka, kinalipa umeme wa ofisi, vikao, safari, na vibarua.

Kwenye hiyo foleni kibarua yuko nyuma kabisa. Mtumishi wa kudumu ana Hazina, na ana chama kama TALGWU cha kumsemea. Mzabuni wa dizeli akikosa hela anaondoa gari. Kibarua akikosa hela anarudi kesho yake asubuhi na fagio lake, akiogopa nafasi asipewe mwingine. Na sisi tunaokaa mezani tunalijua hilo, ndiyo maana tunamchelewesha yeye.

Fagio la Asubuhi

Huwa nasoma tu humu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Mimi ni kibarua wa usafi, mahali sitaji. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, ukiisha unangoja simu. Hicho kima cha laki tano nakisikia redioni kama matokeo ya mpira wa Ulaya. Kilichoandikwa na mzee hapo juu ni kweli tupu, hasa hilo la kurudi kesho yake asubuhi.

Nisipopata kitu naongea na wauza chai wananikopesha. Wenzangu wa mageti wanaongea na nyie makocha. Sisemi ni vizuri.

Mwalimu wa Kishiri

Pole sana ndugu yangu. Karibu jukwaani.

Mjuvi wa Pasiansi

Ndiyo maana kila ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka haikosi ukurasa wa fedha zilizokusanywa kwa mashine za kukatia risiti na hazikufika benki. Tunacheka, tunasema wezi. Wapo wezi kweli, tena wakubwa. Lakini ukimweka mtu mwenye njaa getini na mashine ya kukusanyia hela, unategemea nini?

Na halmashauri nazo zimenyang'anywa vyanzo. Kodi ya majengo ilikuwa yao, ikahamia TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu Agosti 2021 tunakatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Inakwenda Serikali Kuu kwanza. Ukimwondolea mtu shamba la mpunga usishangae akianza kuokota kumbikumbi.

Mbeba Maboksi

Salamu kutoka Marekani wakuu, mtoto wa Nyakato huyu. Huku mji mdogo ninaokaa mambo ni kinyume kabisa. Baraza la mji ndilo linalopiga kura kuongeza mishahara ya watumishi wa mji, maana wanalipwa kwa kodi ya mji wenyewe. Kikao kile kile wakimaliza mishahara wanaingia kwenye ada za bwawa la kuogelea na viwanja. Kwa hiyo mwananchi anayaona yote mawili usiku mmoja, anasimama kwenye kipaza sauti, anawaambia: mmemwongezea huyu, mkaniongezea mimi ada, nielezeni. Mkazi wa mji analipa pungufu, wa nje analipa zaidi. Watu wanabishana saa tatu kwa dola mbili. Mwanzoni nilikuwa nawacheka.

Chizi wa Buhongwa

Leta hizo dola mbili tununue mpira.

Dala wa Kisumu

Hamjambo majirani. Huku kwetu upande wa pili wa ziwa, ada zote za kaunti zinawekwa kwenye Mswada wa Fedha kila mwaka, na bunge la kaunti haliwezi kuupitisha bila wananchi kuitwa kutoa maoni, Katiba ya 2010 imesema hivyo. Mishahara ya wakubwa inapangwa na tume ya mishahara, SRC. Lakini msidhani tuko mbinguni. Mkutano wa maoni unaitwa Jumanne saa tatu asubuhi, nani ataacha kazi? Wanaokuja ni wale wale, wanakunywa soda wanaenda.

Binti wa Sengerema

Nyie mnazunguka mbuyu. Hoja ni moja tu: uwanja wa umma ulipiwe au usilipiwe? Mimi nasema mtoto asilipe kabisa. Mtu mzima anayekodi kwa bonanza la kampuni, lenye mahema, muziki na bia, alipe hata laki kadhaa. Mnaweka bei moja kwa timu ya watoto pekupeku na kwa bonanza la benki, halafu mnashangaa Mwanza inatoa vipaji vichache.

Sangara wa Igombe

Hapo kwenye pekupeku umenigusa. Mimi nimecheza pekupeku hadi nikavunjika kidole.

Diwani Mstaafu

Binti, naafiki kwa sehemu kubwa. Ila mjue kapeti si nyasi za kuota zenyewe. Lina umri wake, miaka minane, kumi hivi, kisha linang'olewa lote, na bei yake utakaa chini ukiisikia. Asiyetoza kabisa leo, kesho atawachezesha watoto kwenye zulia lililochanika. Bure nayo ina gharama yake.

Chizi wa Buhongwa

Na Pamba Jiji je? Timu ya mpira ya halmashauri ya Jiji, imepanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Wachezaji wanalipwa, basi linalipwa, kambi inalipwa. Kibarua wa geti analipwa ahadi. Au Pamba haiguswi humu?

Kocha wa Mkuyuni

Chizi leo umeamka vizuri. Mimi ni mtu wa TP Lindanda, hiyo hiyo Pamba, damu, siku ile inapanda nililia kama mtoto. Na bado nakubali swali lako ni halali. Hela ya timu iandikwe peke yake tuione, nasi mashabiki tutaitetea tukiwa tunajua tunachokitetea.

Nesi wa Mabatini

Nimechelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Naona mnauliza hela ya uwanja inakwenda wapi, na mnajibu kana kwamba haiwezekani ikabaki uwanjani. Mbona sisi tunafanya? Tangu 2017/18 zahanati na vituo vya afya vinapelekewa fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na tunachokusanya dirishani nacho kinabaki kituoni. Kuna kamati ya usimamizi ya kituo, ndani yake wapo wananchi waliochaguliwa. Dawa zikiisha, kamati inakaa, tunanunua. Mlinzi wetu na wa usafi tunawalipa humo humo, na wakichelewa kulipwa wanajua mlango wa kugonga, maana mwenyekiti wa kamati anakaa mtaa wa pili.

Si kwamba hakuna matatizo, yapo. Lakini mgonjwa akilipa asubuhi anaweza kuona glovu mpya jioni. Uwanja una ugumu gani?

Kocha wa Mkuyuni

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Yaani kila uwanja wa halmashauri uwe na akaunti yake na kamati, makocha wawili, mwalimu wa shule jirani, mtu wa mtaa. Kiingilio kinabaki pale. Cha kwanza kulipwa ni mlinzi na mfagiaji, cha pili choo cha Mama Furu, kisha unatengwa mfuko wa kapeti. Bonanza likilipa laki, tunaliona kwenye ubao getini pale pale. Mzee Diwani, baraza litakataa?

Diwani Mstaafu

Mweka hazina ndiye atakayekataa kwanza. Atasema kila mtu akitaka akaunti yake, wa choo naye ataitaka, na magari ya taka yatawekwa dizeli kwa hela ipi? Si hoja ya kupuuza. Mapato ya sehemu moja ndiyo yanabeba huduma ambazo haziingizi kitu.

Lakini kiasi cha viwanja ni kidogo mno, hakiwezi kuangusha halmashauri. Ningekuwa bado pale ningeibeba. Msianze na baraza zima. Andikeni barua kwa Mtendaji wa Kata iingie Kamati ya Maendeleo ya Kata, nakala kwa Afisa Michezo. Ifike kabla ya Januari, maana Februari kitabu cha bajeti kinakuwa kimeshafungwa na mtaambiwa mngoje mwaka mzima. Na muwe na diwani wenu wa kuisemea saa nane mchana, wakati wenzake wana njaa.

Fagio la Asubuhi

Kwenye hiyo kamati wekeni na kibarua mmoja. Si lazima niwe mimi.

Kocha wa Mkuyuni

Utawekwa. Barua naiandika leo usiku, kesho naibandika hapa mnisahihishe kabla sijaipeleka. Mwalimu wa Kishiri naomba uangalie Kiswahili, Nesi uangalie hicho kipengele cha kamati.

Mwalimu wa Kishiri

Lete. Ila usianze na "Rejea mada tajwa hapo juu" wakati juu hakuna mada.

Sangara wa Igombe

Na Jumamosi watoto wanacheza wapi?

Kocha wa Mkuyuni

Nyuma ya shule, kwenye kokoto. Saa tisa na nusu. Njoo na mpira, wetu umetoboka.